Chale wa Dirishani kwa Glenda

Mwezi wa kumi ulipoingia, watu wazima wa Mtaa wa Tamarack walirukwa na akili kwa hiari yao wenyewe. Yule yule aliyekuwa akinung'unikia bei ya gesi ya kupasha nyumba moto alionekana juu ya ngazi akining'iniza buibui wa plastiki ukubwa wa ndama. Duane Hostetler, mkabala na nyumba ya Glenda, alikuwa ameviketisha viunzi vya mifupa bustanini vikacheza karata, kimoja kikiwa kimeshika chupa ya bia. Vilichekesha, si haba. Lakini waliotoka miji ya jirani na kuegesha magari mpaka kule kanisani hawakuifuata mifupa ya Duane. Walimfuata chale wa Glenda.

Glenda Pruitt alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, aliyeacha kazi ya benki ili akae nyumbani na mama yake. Mama huyo, Verna, ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeshamla nusu na ulikuwa ukiendelea na nusu iliyobaki. Mwaka mzima hakuna aliyebisha hodi kwa Glenda ila mtu wa posta. Halowini ikikaribia, ile sikukuu ya kutishana ya mwisho wa mwezi wa kumi, jina lake lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Anayemcheka kwa kupenda kusifiwa na aanze yeye kukaa miaka mitatu akilisha uji, akifua shuka, bila hata mtu wa kumwambia pole.

Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Alitundika shuka nyeupe nyepesi kwenye dirisha kubwa la sebuleni, akaiweka projekta mwisho wa chumba, akarusha video aliyoinunua mtandaoni. Waliokuwa nje hawakuiona projekta wala shuka. Walichokiona ni dirisha la nyumba ya watu, na ndani yake chale wa sarakasi, uso mweupe, mdomo umepakwa rangi hadi masikioni. Alitoka gizani polepole, akabandika viganja kwenye kioo, akainamisha kichwa upande kama anayesikiliza, akafuta kioo kwa mkono wa shati ili awaone vizuri. Kisha akarudi gizani kinyumenyume. Baada ya kitambo akaja tena. Watoto walilia, wazazi wakacheka, na wasichana wa sekondari wakashikana mikono na kusogea mbele hatua moja moja.

Shida ni kwamba shuka haina upande mmoja. Sura iliyoonekana nje ilionekana na ndani pia, na ndani alikuwamo Verna, kwenye kiti chake cha kuegemea kando ya dirisha. Kiti hicho alinunuliwa na marehemu mumewe, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

"Kuna mtu," Verna alipiga kelele usiku wa kwanza. "Glenda, kuna mtu ndani ya nyumba."

Na Verna hakuwa na sauti ya kitoto. Miaka yote ya utu uzima wake alisimamia jiko la shule ya msingi, na sauti yake ilinyamazisha ukumbi mzima wa watoto wakiwa na vijiko mikononi. Akili ilipungua, mwili ukapungua, sauti ikabaki vile vile. Alipiga kelele usiku ule, na wa pili, na wa tatu. Usiku wa tatu mtu fulani akaita polisi. Askari mmoja kijana alikuja, akavua kofia, akaomba radhi, akaondoka. Kesho yake habari zikawa zimemfikia Colleen.

Colleen alikuwa dada mkubwa wa Glenda, aliyeishi mbali, mwendo wa nusu siku kwa gari. Alimpenda mama yake kwa njia ya simu.

"Mimi sigombani na wewe," Colleen alisema. "Nakwambia tu. Mama anapiga kelele mpaka polisi wanaitwa. Huyo si mgonjwa wa kukaa nyumbani tena. Nimeshapata nafasi kwenye nyumba ya wazee hapa kwetu, pazuri, pana bustani."

"Mama alisema nisimpeleke huko. Alinishika mkono akaniambia, akili zake zikiwa timamu. Na wewe ulikuwepo, dada."

"Nilikuwepo. Lakini hakusema umtie kichaa. Sikiliza, Glenda. Halowini ikipita tu, Jumapili nakuja. Nikisikia kapiga kelele tena, hata mara moja, narudi naye."

Glenda aliweka simu mezani. Hapa ndipo mtu mwingine angepanda kwenye kiti, akaitungua shuka ile na kuitia kwenye mashine ya kufulia, mambo yakaisha. Naye aliifikiria. Alisimama mbele ya dirisha, mkono ukiwa umeshika pindo. Nje, wanawake wawili asiowajua walikuwa wakipiga picha nyumba yake mchana kweupe, bila chale, na mmoja akamwonyesha mwenzake dirisha kwa kidole. Glenda akaachia pindo. Alitaka vyote viwili, mama na chale, na akaona ipo njia. Kwa kuwa kelele ndizo zitakazomwondoa mama, basi ziondoke kelele.

Tangu jioni ile akaanza kumfundisha.

Aliketi kwenye mkono wa kile kiti, akaiweka mikono ya mama mapajani, mmoja juu ya mwingine, akaiwasha projekta.

"Anakuja, Mama. Mtazame. Unamwona?"

"Namwona."

"Ni mwanga tu huo. Hana mwili. Usiseme kitu. Kaa hivi hivi, mikono hapa. Atakwenda zake."

Chale akaja, akabandika viganja, akainamisha kichwa. Verna akafungua kinywa, na Glenda akaweka kidole midomoni mwa mama yake, taratibu, kama afanyavyo mtu kwa mtoto kanisani. Chale akarudi gizani.

"Umeona? Kaenda. Ukinyamaza anakwenda."

Kila aliponyamaza alipewa kipande cha pai ya boga. Kila alipopiga kelele, Glenda alizima taa zote na kutoka chumbani, akamwacha peke yake na yule chale mpaka atulie. Hilo hakumsimulia mtu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Glenda alimkunja aliyekwisha kukauka, na ajabu ni kwamba alikunjika. Vitu vingine vyote vilimtoka Verna siku hiyo hiyo, jina la mjukuu, chakula cha mchana, njia ya chooni. Somo hili lilimkaa.

Jioni moja, kabla projekta haijawashwa, Verna alimshika bintiye mkono.

"Na akiingia?"

"Haingii, Mama. Ni mwanga."

"Na akiniumiza?"

"Mwanga hauumizi mtu."

"Lakini ikiniuma?"

Glenda alikuwa amechoka. Alikuwa amebadilisha shuka mara mbili siku ile, na mgongo ulikuwa ukimuwaka. "Ikikuuma, kaa kimya," akasema. "Atakwenda zake."

Verna akatikisa kichwa kukubali, kwa makini, kama mwanafunzi mwema.

Wiki ya mwisho ya mwezi nyumba ilikuwa kimya. Majirani walimpongeza Glenda. Duane alivuka barabara akiwa na kikombe chake cha sharubati ya tufaha ya moto, kofia ya nyuzi imemfika machoni.

"Bibi Verna kapona au umemziba mdomo kwa gundi?"

"Kazoea tu."

"Mimi mwenyewe sijamzoea huyo mshenzi wako. Mke wangu hapiti upande wa dirisha akienda kulala." Duane akaitazama shuka. "Unajua kinachokosekana? Watu wameshaijua video. Siku yenyewe mimi naingia humo ndani na nguo za chale, napita mbele ya projekta. Kivuli cha mtu wa kweli. Watajikojolea."

"Huna hata nguo za chale."

"Nitatafuta. Usiniulize, ukiniona nipishe tu."

Wakacheka. Glenda alirudi ndani akiwa na furaha, akaanza kumwogesha mama. Hapo ndipo alipoliona lengelenge pajani, kubwa, jekundu, limeshapasuka. Chai ya asubuhi ilikuwa imemmwagikia Verna. Ilimmwagikia ikiwa ya moto, na Glenda alikuwa jikoni, mlango wazi, wala hakusikia kitu.

"Mama, mbona hukuniita?"

Verna alimtazama bila kusema. Mikono yake ilikuwa mapajani, mmoja juu ya mwingine.

Moyo ulimshtuka Glenda, na ulimshtuka kweli. Alipaka dawa, akafunga kitambaa, akakaa pembeni ya bafu kwa muda, maji yakiendelea kutiririka. Kisha akajiambia kwamba wazee ngozi zao hufa ganzi, na kwamba Jumapili si mbali.

Halowini yenyewe iliangukia Ijumaa, jioni ya baridi kavu, majani yamejaa barabarani. Taa za vibaraza ziliwashwa mtaa mzima, na kule taa ya kibaraza ikiwaka maana yake ni moja, njooni, peremende zipo. Jioni ile mtu hafungi mlango. Watoto wanaingia na kutoka, mzazi wa huyu anaomba choo kwa yule, na hakuna anayeuliza uso wa mtu, kwa kuwa nyuso zote zimefunikwa. Siku nyingine yoyote, mtu akipita Tamarack na barakoa usoni na foronya tupu mkononi, angefika nusu ya mtaa akakuta simu zimeshapigwa. Siku hiyo alipewa pipi.

Glenda alisimama kwenye majani ya mbele na bakuli lake. Nyuma yake, dirishani, chale alikuja na kurudi, na umati ulijaa hadi barabarani. Alimwacha mama kwenye kiti, blanketi magotini, kipande cha pai kando yake. Kila mara aligeuka kusikiliza. Kimya. Alijisikia mwepesi kuliko alivyokuwa mwaka mzima.

Giza lilikuwa limeshaingia aliposhuka yule mtu kutoka upande wa kanisani. Chale mrefu, nywele za rangi ya chungwa, barakoa ya mpira, foronya begani. Watoto walimpisha wakipiga mayowe ya furaha. Hakusema neno. Alimfikia Glenda, akamwinamia kama mtumishi wa bwana mkubwa, akaelekeza kidole kwenye mlango wa jikoni ubavuni mwa nyumba, kisha akaweka kidole hicho kwenye midomo ya barakoa.

Glenda alicheka mpaka bakuli likamcheza mikononi. "Duane, mpuuzi wewe. Ulizipata kweli. Haya pita, mlango uko wazi. Usimgonge mama tu, yuko pale kando ya dirisha."

Chale akatikisa kichwa kukubali. Akazunguka ubavuni mwa nyumba bila haraka.

Glenda akawaambia waliokuwa karibu naye wasiondoe macho dirishani. Wakasogea. Video ilikuwa imefika pale chale anapofuta kioo, na mara kivuli cheusi kikapita mbele yake, kirefu kutoka juu ya shuka hadi chini, nywele zimesimama. Umati ukavuta pumzi kwa pamoja. Kivuli kikasimama. Kikageuza kichwa huku na huku, kama anayetafuta kitu. Kikaenda upande wa kiti, kikainama. Kiwiko chake kikavuta. Kikavuta tena, kwa nguvu zaidi, bega zima likaenda nacho, na yule chale wa mwanga akiwa nyuma yake, viganja kwenye kioo, ameinamisha kichwa kusikiliza.

Makofi yaliyolipuka yalisikika mpaka mtaa wa pili. Glenda naye aliweka bakuli chini akapiga makofi. Ndivyo ilivyokuwa, wala hakuna njia ya kulisema hilo ikawa zuri. Alipiga makofi hadi viganja vikamuwasha.

"Sasa huyo umemtoa wapi?" sauti ikasema sikioni mwake. "Kanizidi, haki ya Mungu."

Glenda akageuka. Duane alikuwa amesimama nyuma yake na koti lake la kila siku, kikombe mkononi, akicheka.

Glenda hakupita mlango wa jikoni. Alipanda kibarazani akipangua watoto, akaingia kwa mlango wa mbele, na umati ukadhani naye ni sehemu ya mchezo, ukampigia makofi na yeye. Kivuli chake kikaruka juu ya shuka. Wakashangilia.

Mlango wa jikoni ulikuwa ukicheza na upepo. Droo za kabati la sebuleni zilikuwa sakafuni, kisanduku cha mikufu hakipo. Verna alikuwa kwenye kiti chake, blanketi magotini, mikono mapajani, mmoja juu ya mwingine. Ule wa chini ulikuwa wa kawaida. Wa juu, kiganja kilitazama pasipostahili kutazama, na kidole cha pete kilikuwa kimechubuka hadi nyama nyekundu. Pete ya ndoa, ambayo haikuwa imetoka kwenye kidole kile tangu Glenda hajazaliwa, haikuwepo.

Glenda alipiga magoti. Alitaka kuushika ule mkono na hakuthubutu.

"Mama. Mama, nitazame."

Verna alikuwa akilitazama dirisha. Jasho lilimtiririka usoni, midomo imemkauka ikawa myeupe, na machozi yalikuwa yakimtoka bila uso kubadilika hata kidogo. Alingoja mpaka chale wa kwenye shuka alipomaliza kurudi gizani. Ndipo akamgeukia bintiye.

"Leo amekaa sana," akasema kwa kunong'ona.

Nje walikuwa bado wanashangilia, wakiomba irudiwe.

Hospitali walimpokea haraka. Mifupa miwili ya kifundo cha mkono ilikuwa imevunjika, na daktari, kijana mwenye mikono mikubwa, alieleza kwamba lazima airudishe mahali pake kabla mkono haujavimba zaidi. Sindano ya ganzi ilichomwa, lakini kwa umri ule, alisema, haitamaliza maumivu yote. Atalia, msishangae. Muuguzi akamshika Verna mabega. Daktari akavuta.

Glenda alisikia mfupa. Sauti nyingine hakuisikia.

"Hodari sana huyu bibi," muuguzi akasema. "Laiti wote wangekuwa hivi."

"Mama," Glenda akasema. Alijisukuma katikati yao, akauweka uso wake karibu na wa mama yake. "Mama, lia. Unaruhusiwa. Piga kelele, Mama, nakuomba, piga kelele."

Verna alimchunguza usoni kwa muda mrefu. Alikuwa akitafuta kujua kama huo ni mtihani. Kisha akaibana midomo yake vizuri zaidi, ili bintiye aone kwamba hajasahau. Glenda akatoka nje kwenye korido akalia yeye, akiegemea mashine ya kuuza soda, na watu waliopita na barakoa zao shingoni wakampisha.

Colleen aliendesha gari usiku kucha. Asubuhi alimkuta mama amelala, mkono umefungwa plasta, na mdogo wake ameketi kwenye kiti cha plastiki na nguo za jana. Alikuja na maneno yake tayari, yalionekana usoni. Alipomwona Glenda akayameza mengine.

"Polisi wamempata?"

"Watampataje? Jana walikuwepo machale mtaa mzima."

Colleen akavuta kiti. "Mimi kitu kimoja sikielewi. Wewe ulikuwa hapo nje. Watu tele walikuwa hapo nje. Mama akipiga kelele anasikika mpaka mtoni. Walikuitia polisi juu ya kelele zake. Kwa nini jana hakupiga kelele?"

Glenda angeweza kusema ni ugonjwa. Angeweza kusema ni mshtuko, na daktari angemuunga mkono. "Nilimfundisha asipige," akasema. "Ili usimchukue."

Akaeleza yote, na pai, na kutoka chumbani, na lengelenge. Alieleza akiitazama sakafu. Alipomaliza, Colleen alikuwa ameweka mkono mdomoni, na hakumtukana, jambo ambalo Glenda alikuwa akilingoja na kulitamani.

"Mchukue," Glenda akasema. "Nilimwahidi sitampeleka huko, na sasa nakwambia mimi mwenyewe, mchukue. Kwangu si salama."

Colleen akamshika mdogo wake begani, kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya baba yao.

"Huko ni pazuri, Glenda. Sikudanganyi. Kuna wauguzi mchana na usiku. Kila kitanda kina kengele, na hata bila kengele, milango iko wazi. Kitu chochote kikimuuma, kitu chochote kikimtisha, aite tu, wanakuja."

Verna alikuwa ameamka. Alikuwa akiwatazama wote wawili, mtulivu, ametabasamu kidogo kwa adabu kama mgeni, mkono mzima ameuweka juu ya plasta.

"Hataita," Glenda akasema.